Mashua ni ya Nani?

Mwaka 2011, katika eneo la kusini-mashariki mwa Uingereza, wasanii wawili walitoa mwaliko uliosikika kama mzaha. Gregg Whelan na Gary Winters, wanaofanya kazi pamoja kwa jina la Lone Twin, waliwaomba watu wa kawaida wawaletee vitu vya mbao. Kitu chochote kilifaa, kikubwa au kidogo, cha thamani au cha kutupwa. Sharti lilikuwa moja: anayekileta aje pia na habari yake. Watu wakaleta vijiko, penseli, midoli ya watoto, magongo ya michezo na vipande vya samani za wazazi waliokwisha kufa. Kikaja hata kipande cha gitaa la Jimi Hendrix, na kipande kutoka Mary Rose, merikebu ya kivita ya mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Vitu vyote pamoja vilipita 1,200.

Mafundi wakavikata na kuvipanga ubavuni mwa mashua moja ya tanga yenye urefu wa mita 9 hivi, wakavigandisha kwa gundi na kuvipaka vanishi, hata mtu akisimama karibu aweze kukitambua kijiko chake. Ramani ya mashua ilichorwa na Simon Rogers, msanifu wa vyombo vya mashindano, na ujenzi ukaongozwa na Mark Covell, baharia aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Tarehe 7 Mei 2012 mashua ilishushwa majini huko Emsworth ikiwa na jina la Collective Spirit, ambalo kwa Kiswahili changu ningelitafsiri Roho ya Pamoja. Majira yale ya joto ilizunguka miji ya pwani hadi Weymouth, ambako mashindano ya mashua ya Olimpiki ya London yalifanyika. Haikuwa pambo la kuwekwa ndani ya jumba la makumbusho. Ilisafiri.

Habari hii niliisikia mara ya kwanza katika auditwari yetu hapa Lubumbashi, mchana wa joto kali, mwalimu alipokuwa akitueleza maana ya sanaa shirikishi. Alituonyesha picha, akataja kitabu cha Nicolas Bourriaud cha mwaka 1998 kuhusu sanaa inayojengwa juu ya mahusiano ya watu, akataja pia Joseph Beuys, Mjerumani aliyeanzisha upandaji wa mialoni 7,000 mjini Kassel mwaka 1982, kila mti na jiwe lake pembeni, kazi iliyomalizwa mwaka 1987 yeye akiwa amekwisha kufa. Nyuma yangu wenzangu walianza kucheka. Mmoja akasema kwa sauti: «Kumbe! Kwetu Moba wasanii wamejaa ufukweni, na hakuna aliyewaambia.» Auditwari nzima ikaangua kicheko, na mwalimu pia akacheka.

Mimi swali lile lilinikaa. Nimezaliwa Kalemie, katika nyumba inayokula kwa mtumbwi. Kama kujenga chombo kwa mbao za watu wengi ni sanaa, basi nimelelewa ndani ya sanaa. Na kama si sanaa kwetu, nataka kujua ni kitu gani kilichoongezwa kule Emsworth hata ikawa sanaa. Kujibu «ni pesa tu» ni rahisi, na pesa kweli zilikuwapo, tena za umma. Lakini jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu pesa hulipia kitu, na mimi nakitafuta kitu chenyewe.

Niwaeleze kwanza habari ya chombo ninachokijua. Baba yangu mdogo ana boti ya mbao ya kuvulia ndakala. Kwa mwaka 2020 na uliofuata, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kupita mazoea, yakaingia katika mitaa ya pwani ya Kalemie kama yalivyoingia Uvira na Bujumbura. Nyumba yetu ya zamani, ya matofali mabichi, ililegea ukuta baada ya ukuta. Tulipohama tulitoa mabati, tukatoa madirisha, na mwisho tukatoa mlango wa mbele. Mlango ule aliutengeneza nkambo wangu kwa mti wa mulombwa, zamani zile alipokuwa mfanyakazi wa reli. Ulikuwa mzito kiasi kwamba wanaume wawili waliubeba wakipumzika njiani.

Mwaka huohuo boti ya baba mdogo ilipasuka chini kwa kugonga mawe. Mbao mpya zilikuwa ghali. Fundi, mzee ambaye amejenga vyombo vingi kwenye ufuko ule, alikuja nyumbani, akauangalia mlango umeegemea mwembe, akaugonga kwa kidole, akasema: «Huu haujachoka.» Basi ukapasuliwa mbao. Lakini mlango mmoja haukutosha. Jirani mmoja alitoa ubavu wa kitanda. Kwaya ya kanisa ikatoa benchi mbili zilizovunjika miguu. Misumari ilinunuliwa kwa mchango wa wavuvi wanne ambao walikuwa wakidaiwa na baba mdogo siku za kazi. Mama mmoja anayeuza samaki sokoni alileta pamba ya godoro la marehemu mume wake, ikachambuliwa, ikachovywa katika mawese, ikapigwa kwa patasi isiyo kali ndani ya kila upenyo kati ya ubao na ubao. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo kukalafati, na bila hiyo mbao nzuri namna gani hazizuii maji.

Boti ilirudi ziwani. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyeiita Roho ya Pamoja. Jina lake limebaki lile la zamani, jina la shangazi. Lakini jambo moja nililiona ambalo leo, baada ya somo la mwalimu, nalitazama upya. Boti ikiwa imevutwa juu ya mchanga, yule mzee hupita akiigusa. Akimpata mtu wa kumsikiliza, husema: huu ni mlango wa fulani, huu ni benchi ya kanisa, hapa kuna pamba ya mama yule, na alipoileta alilia. Anajua yote, na hajaandika hata neno moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kufanana kwa vyombo viwili, na pia tofauti yao. Kufanana ni wazi: mbao zenye historia, mikono mingi, chombo kimoja kinachoelea. Tofauti haiko katika mbao wala katika ustadi. Iko mezani. Kule Emsworth kulikuwa na meza, na nyuma ya meza kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika. Ulifika na kijiko chako, ukaulizwa: kilikuwa cha nani, kilipikia nini, kwa nini unakitoa leo? Maneno yako yakahifadhiwa pamoja na jina lako. Nadhani sanaa ya Lone Twin ilifanyika kwenye meza ile. Mashua ilikuwa sababu ya watu kuzungumza, na ikawa ushahidi kwamba walizungumza.

Nikisema hivyo, baadhi yenu mtaniambia: huyu ni mwanafunzi wa lugha, lazima aone lugha kila mahali. Ni kweli. Basi na tuiulize lugha yenyewe. Tunaposema «sanaa shirikishi», mzizi wake ni shiriki, neno lililotujia kutoka Kiarabu, na watoto wake tunawajua: shirika, ushirika, mshirika. Tunaye pia mtoto mwingine ambaye hatumkaribishi mezani: ushirikina, ambao asili yake ni kumfanyia Mungu washirika. Mzizi mmoja umebeba undugu na hatari ya kuchanganya visivyochanganyika. Kando yake Kiswahili kina neno jingine, la Kibantu: kuchanga, nalo limezaa mchango na mchangiaji. Katika maisha yetu maneno haya mawili hayafanyi kazi moja. Ninapotoa franga kwa ajili ya msiba wa mtaani nimechanga. Kushiriki ni kukaa kwenye mkeka, kulia na wenye kulia, kusema neno langu matanga yanapoamuliwa. Mtu anaweza kuchanga bila kushiriki. Anaweza pia kushiriki bila kuwa na senti ya kuchanga, na hakuna atakayemfukuza.

Tofauti hii inanisaidia kuipima ile mashua ya Uingereza bila kuishangaa tu na bila kuidharau. Watu wale zaidi ya elfu moja walikuja kama wachangiaji. Ni meza iliyowavusha, kwa sehemu, hadi upande wa washirika, kwa kuwa walisikilizwa. Nasema kwa sehemu, kwani umbo la chombo halikuwa uamuzi wao. Msanifu alikwisha kulichora, fundi mkuu alijua anachokitaka, na wachache tu ndio waliokuwa mabaharia wake. Aliyetoa kijiko hakuulizwa kama tanga liwe refu au fupi. Silioni hilo kuwa kosa. Hata yule mzee wa Kalemie hamwulizi mtu atapindaje mbavu za boti, na vizuri asiulize. Lakini tunaposoma makala yanayosema kwamba kazi fulani «imetengenezwa na wananchi», tujizoeze kuuliza: wananchi walichanga nini, na walishiriki wapi?

Swali hilo ni zito zaidi kwetu tunaoishi Katanga, maana njia yetu imepitiwa na mashua nyingine mbili za Uingereza. Mwaka 1915, wakati wa vita vikuu vya kwanza, jeshi la majini la Uingereza lilituma boti mbili ndogo za injini, za mbao ya mahogani, zenye urefu wa mita 12 hivi, ili zipambane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alizipa majina ya Mimi na Toutou. Kila anayejua Kifaransa cha watoto atatabasamu, maana ni kama kumwita paka na mbwa. Zilishuka melini Cape Town, zikapanda treni, zikapita mji wetu uliokuwa ukiitwa Élisabethville, zikafika Fungurume. Kutoka pale hapakuwa na reli ya kuzipeleka mbele. Zikavutwa nchi kavu kupitia milima ya Mitumba hadi Sankisia, kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya mamia ya Waafrika waliokata miti, waliojenga madaraja na kuvuta kamba. Kisha reli tena hadi Bukama, kisha Lualaba hadi Kabalo, kisha reli hadi ziwani, pale ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa.

Kisa hiki kimeandikwa katika vitabu vingi, na husimuliwa kama maajabu. Nakiri ni maajabu. Lakini tazama majina. Tunajua jina la kamanda, tunajua majina ya utani ya boti, tunajua majina ya meli zilizoshindwa. Waliovuta kamba katika Mitumba wameandikwa kwa wingi tu: wabebaji, wafanyakazi, wenyeji. Mashua zile nazo zilikuwa kazi ya mikono mingi. Je, kuna atakayeziita shirikishi? Mchango wao ulichukuliwa. Hapakuwa na meza, hapakuwa na swali, hapakuwa na nafasi ya kujibu hapana. Nkambo wa nkambo wangu huenda aliiona Mimi ikipita, huenda aliivuta, huenda hakuwapo kabisa. Sina pa kuangalia. Kukosa pa kuangalia ndiyo hasara ninayoizungumzia.

Kwa hiyo nimejifunza kutumia vipimo vinne kwa kila kazi inayojiita ya watu wote, iwe mashua, iwe sanamu, iwe mradi wa maji mtaani. Kwanza: watu waliombwa, na waliweza kukataa? Pili: majina yao yameandikwa mahali wanapoweza kuyaona? Tatu: wana neno katika uamuzi fulani, hata kama si wote? Nne: wanaweza kupanda?

Kipimo cha nne ndicho kigumu kuliko vyote. Kule Emsworth kupanda ni furaha. Kwetu kupanda ni lazima, na mara nyingine ni kufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa na abiria wengi ilizama Ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka ufukweni. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo ziwa lilibaki njia ya wafanyabiashara, ya wagonjwa na ya wanafunzi. Makumi ya watu walikufa. Msichana tunayesoma naye ana jamaa katika safari ile. Tangu siku ile siwezi kusoma sentensi inayosema kwamba mashua ni ishara ya umoja bila kujiuliza: imebeba wangapi, na nani aliyekuwa na haki ya kusema imejaa?

Hapa ndipo ushirika wa kweli unapojulikana ziwani. Boti ya mlango wetu ina wachangiaji wengi, na kila mmoja wao anaweza kusimama ufukweni akamwambia baba mdogo: «Leo mawimbi si mazuri, usitoke», au: «Teremsha magunia mawili.» Nimeshuhudia mama yule wa pamba akisema hivyo, na baba mdogo, mtu mkali, akateremsha. Hakubishana naye, kwa sababu pamba yake iko ndani ya boti. Chombo ambacho mbao zake zina wenyewe kina macho mengi yanayokilinda. Hilo, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo sanaa ya kisasa ingeweza kuja kujifunza kwetu, kama sisi tunavyoweza kwenda kujifunza kwao habari ya meza na daftari.

Narudi kwenye daftari basi, maana ndilo linalotuhusu sisi wa fakulte hii. Nilipopeleka mada ya kazi yangu ya mwisho, habari za mbao na maneno ya ujenzi wa boti kwenye ufuko mmoja wa Kalemie, asistanti mmoja aliniambia kwa upole kwamba mada ni nzuri lakini ni ya ufundi. Niipeleke kwa wahandisi au kwa watu wa antropolojia, lugha haimo. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Neno kalafati, ambalo mzee wangu hulitamka akiwa na patasi mkononi, ni ndugu wa calfater ya Kifaransa, na undugu wao unapitia Kiarabu. Mkuku, mataruma, tanga, shetri: maneno haya ni ya pwani ya Bahari ya Hindi. Kiswahili kilifika ufuko wa magharibi wa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyovuka ziwa na kushukia Mtoa, karibu na Kalemie. Ni yapi kati ya maneno hayo yaliyovuka, yapi yaliachwa ng'ambo, na yapi yalikuta wavuvi wa huku wakiwa na ya kwao na yakashindwa? Mzee anayo majibu mengi, naye ana umri wa kunihimiza niharakishe. Kama hiyo si kazi ya lugha, sijui kazi ya lugha ni nini.

Tena sisi tuna bahati. Mji wetu una Biennale tangu mwaka 2008, iliyoanzishwa na kundi la Picha, na vijana wa hapa wamezoea kuona sanaa ikitoka ukumbini na kuingia mtaani. Huko Lusanga, wafanyakazi wa mashamba waliojikusanya katika CATPC walichonga sanamu zilizokwenda hadi Venice mwaka 2024, katika banda la Uholanzi, na wanatumia mapato kununua tena ardhi iliyochoshwa na mashamba ya mawese. Wachongaji na wachoraji tunao. Mtu anayekosekana mara nyingi ni yule wa mezani, anayejua kuuliza, kunyamaza, kusikiliza lahaja bila kuisahihisha, na kuandika jina la mtu jinsi mwenyewe analivyolitamka. Mtu huyo fakulte yetu inamfundisha kila mwaka. Tumemzoeza tu kukaa maktabani.

Likizo iliyopita nilianza. Nilikaa na mzee karibu na boti, nikiwa na daftari la kurasa mia moja. Alinitazama nikiandika, akauliza: «Binti, unaandika majina ya mbao au ya watu?» Nikamwambia yote mawili. Akasema: «Anza na watu. Mbao zitakaa zikingoja.» Tukaanza na mama wa pamba. Nilimwuliza kama anakubali jina lake liandikwe. Alifikiri, akakubali, ila akataka liandikwe pia jina la marehemu mume wake, kwa kuwa godoro lilikuwa la wote wawili. Jirani wa kitanda yeye alikataa. Alisema kitanda kile ni habari ya nyumbani kwake. Katika daftari, pale penye ubao wake, nimeandika kwamba mwenyewe hakutaka kutajwa. Naona ukurasa huo una thamani sawa na nyingine zote, maana wale wa Mitumba hawakupewa hata nafasi ya kukataa.

Mzee ameniwekea sharti moja: kabla sijaipeleka kazi kwa wasimamizi, niende nimsomee yote, jina kwa jina, mbele ya waliotajwa, na penye kosa wanisahihishe palepale. Nimekubali. Nimewaomba wasimamizi wangu nao wakubali kwamba utetezi usogezwe mpaka baada ya likizo kubwa, kwa sababu, kama mnavyojua, treni ya Kalemie haina haraka na mtu.